Mgongo Hauuzwi kwa Bei ya Tumbo

Mkanda ulirudishwa siku ya Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi. Mteja wetu wa Mbande alishuka kwenye bajaji akiwa ameukunja ndani ya mfuko wa salfeti, akauweka juu ya meza ya mjomba bila kusema neno. Kisha akakumbuka adabu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Punda wangu ana donda."

Tuliufungua. Ulikuwa mkanda wa kifuani wa punda wa mkokoteni, ule unaopita mbele ya kifua na kubeba uzito wote wa kuvuta. Tulipoukabidhi wiki sita nyuma ulikuwa na upana wa sentimita nane, umenyooka kama rula. Sasa ulikuwa umevutika na kusinyaa katikati, upana wake haufiki sentimita sita, na kingo zimejikunja kwa ndani kama jani la mgomba juani. Kwenye ukingo mmoja kulikuwa na manyoya ya kijivu na damu iliyokauka.

Mjomba aliupitisha kati ya vidole viwili, toka ncha moja hadi nyingine, taratibu. "Tumbo," akasema. Hakunitazama. Hakuwa na haja, maana aliyechagua tumbo ni mimi.

*

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Mjomba ni fundi wa ngozi Tandika, wilaya ya Temeke, kwenye kibanda cha mabati ambacho mvua ikinyesha hatusikilizani. Anashona makubadhi, mikanda ya suruali, mikoba, ala za visu vya wauza nyama, na mara chache vifaa vya punda. Mwaka jana nilihamia kwake ili kupunguza gharama za chumba, na kwa kuwa sikutaka kula bure nilianza kumsaidia hesabu. Niliziweka zote kwenye simu: uzi, gundi, bizimu, nauli ya Kariakoo, ngozi.

Ngozi ndiyo iliyokuwa inatula. Dukani tunakonunua kuna mafungu matatu. Kuna mgongo uliokatwa peke yake, kuna upande mzima wa ng'ombe, na kuna matumbo, vipande virefu vyembamba vilivyofungwa pamoja kama mchicha. Mgongo ni ghali, tumbo ni nusu ya bei yake au chini zaidi. Oda ya Mbande ilipokuja, nikagawanya shilingi kwa futi, nikamwonyesha mjomba kioo cha simu. Akasita. Akasema mkanda wa kuvutia haukatwi tumboni. Nami nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyesoma: "Mjomba, ngozi ni ngozi."

Nilikuwa sijui kwamba nimetamka sentensi ambayo nchi hii imekuwa ikiilipia kwa karibu miaka mia mbili.

*

Ngozi si ngozi. Itandaze ngozi ya ng'ombe mezani, manyoya yakiwa yameshaondoka, na utaona ramani ya mnyama mzima. Katikati, toka nyonga kwenda mbele kufuata uti wa mgongo, kuna eneo ambalo nyuzi zake zimeshikana na kubanana. Hapo unene haubadilikibadiliki, na ukivuta, ngozi inakukatalia. Hilo ndilo fungu la mgongo. Mbele yake kuna mabega, ambako nyuzi zimelegea kidogo na shingo ina mikunjo ya kudumu. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, na nundu hiyo huacha uvimbe kwenye ngozi usiolala chini hata ukiupigia misumari. Kandokando kuna matumbo, na kwenye pembe nne kuna miguu.

Tumbo la ng'ombe limeumbwa litanuke. Linapokea majani, maji na ndama. Ngozi yake imekaa miaka yote ikivutika na kurudi, na hata baada ya kuchunwa na kupita kiwandani bado inavutika, ila sasa hairudi. Ukikata ukanda hapo, siku ya kwanza utafanana kabisa na ukanda wa mgongoni. Tofauti itajionyesha siku ya arobaini, punda akiwa na madumu kumi ya maji kwenye kilima cha mchanga. Upana unapungua, uzito wote unahamia kwenye ukingo, na ukingo unageuka kisu.

Mjomba ana njia nne za kuijua ngozi kabla ya kutoa pesa. Kwanza anaikunja, uso wa nje ukiwa juu. Ikitoa mikunjo midogo midogo kama karatasi iliyolowa, anairudisha. Pili anaivuta kwa urefu, kisha kwa upana. Tatu anadondosha tone la maji: ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hulinywa na kuwa nyeusi pale pale, ngozi ya kromu huliacha likae. Nne anakata ncha ndogo na kuangalia ndani. Ya kromu mara nyingi ina rangi ya samawati katikati. Ni laini, nzuri kwa viatu na mikoba, lakini kwa mkanda wa kuvuta mzigo anataka ya magome, iliyo ngumu, inayokubali kuchongwa ukingo na kusuguliwa hadi ing'ae.

Haya yote aliyajua siku ile niliyomwonyesha simu. Alinyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu.

*

Nilirudi maktaba nikiwa na aibu, na aibu yangu huwa naitibu kwa kusoma. Nilitaka kujua kwa nini mtu wa Temeke, katika nchi iliyo miongoni mwa zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, anachagua ngozi kama mtu anayeokota mabaki.

Nikaanzia baharini. Tarehe 30 Aprili 1840 meli iitwayo Sultana, mali ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar na Oman, iliwasili New York. Ujumbe uliongozwa na Ahmad bin Naaman. Miongoni mwa zawadi zilizopelekwa kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na miongoni mwa shehena ya kuuzwa, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, zilikuwamo ngozi 1,000 zilizotiwa chumvi na kukaushwa.

Magazeti ya New York yalivutiwa na mabaharia na zawadi. Mimi nilibaki kwenye zile ngozi. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakinunua ngozi Zanzibar kabla ya safari hiyo. Konsuli wa kwanza wa Marekani kisiwani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem na mfanyabiashara. Upande wao wa bahari kulikuwa na viwanda vya ngozi na mafundi viatu wengi. Walichotuletea kwa wingi ni kitambaa cha pamba, ambacho mababu zetu walikipa jina linaloeleza kilikotoka: merikani. Ngozi iliondoka ikiwa ghafi, nguo ikaja ikiwa imekamilika.

Ngozi ile ilitoka ikiwa nzima. Hakuna aliyeigawa mgongo na tumbo upande huu. Kugawa ni kazi ya mwenye karakana, na faida ya kujua tofauti ya mgongo na tumbo hubaki kwa yule anayeshika kisu.

Kwa nini karakana hazikukua huku? Sababu ziko nyingi, lakini moja ina mabawa. Bara, mbung'o aliua farasi, akaua ng'ombe wa kukokota, akadhoofisha punda. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili na kundi la punda. Farasi mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Wote wawili walikufa katika majuma ya mwanzo ya safari. Matandiko ya punda alikuwa ameyatengenezesha Zanzibar kwa turubai, kamba na pamba. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu njia ya Saadani kwenda Mpwapwa kwa kutumia ng'ombe, akarudi na matumaini. Mwaka uliofuata ng'ombe wa magari ya misheni wakafa njiani.

Kisha wakaja tembo. Mwaka 1879, kwa gharama za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tembo wanne wa India waliteremshwa Msasani, hapa hapa Kinondoni, ambako leo watu wanakunywa kahawa wakitazama bahari. Walikuwa chini ya Frederick Carter, na walitakiwa kuthibitisha kwamba mnyama mkubwa anaweza kubeba mizigo kwenye nchi ya mbung'o. Walifika Mpwapwa. Lakini mpango haukuishi, na tembo hao walikufa mmoja baada ya mwingine.

Mnyama aliyebaki ni mtu. Biashara ya karne nzima ilipita juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mzigo mmoja ukikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Na mpagazi hahitaji lijamu wala mkanda wa kifuani. Ufundi wa matandiko hukua pale ambapo mnyama anaishi muda wa kutosha kuchakaza mkanda wa kwanza na kudai wa pili. Kwenye visiwa na miji ya pwani alipata muda huo. Lamu mpaka leo mizigo hupita vichochoroni kwa punda. Huko ndiko lugha ilikojaza sanduku lake la maneno: hatamu, lijamu, soruji, shogi. Farasi na lijamu yake vilikuja na majina yao ya Kiarabu, vikavuka bahari. Ngozi yenyewe ina jina la Kibantu, la nyumbani.

Mtaa wa mjomba unaitwa Tandika. Kitenzi ni kile kile tunachokitumia kwa kitanda na kwa punda. Kila siku napita chini ya kibao chenye jina hilo nikielekea kwenye kibanda ambacho kazi ya kutandika punda huingia mara mbili kwa mwaka.

*

Utawala wa kikoloni ulizipenda ngozi zetu kwa masharti. Katika Afrika Mashariki yote, maofisa wa mifugo walikazania jinsi ya kukausha. Ngozi iliyotandazwa chini juani huiva kama samaki: nje inakauka haraka na kufunga, ndani inabaki na unyevunyevu, na kuoza kunaanza kimyakimya. Haionekani mpaka ifike kiwandani na kulowekwa, ndipo inapoachana kama mkate uliolowa chai. Kwa hiyo wakahimiza kuitundika ngozi kwenye fremu, kivulini, hewa ikipita pande zote mbili. Wakahimiza pia uangalifu wa kuchuna, maana kisu kikiingia nusu unene, ule mkato hautaonekana hadi mkanda utakapokatika.

Ushauri ulikuwa sahihi. Mjomba angeukubali wote. Ila uliandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa ng'ambo. Mfugaji alifundishwa kuulinda mgongo wa ngozi ili kiwanda cha mbali kiukate vizuri. Hata magome yalifuata njia hiyo. Mwaka 1949 shirika la maendeleo ya makoloni la Uingereza lilianzisha mashamba makubwa ya miwati Njombe, na dawa ya kutengenezea ngozi iliyotolewa kwenye magome yake ikawa bidhaa ya kusafirishwa nje. Ngozi tulikuwa nayo, na gome la kuigeuza mkanda mgumu tulikuwa nalo. Vyote viwili vilipanda meli.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilitangaza kuchukua hisa nyingi katika kampuni kadhaa, Bata ya viatu ikiwa mojawapo. Viwanda vya umma vya kusindika ngozi vikafanya kazi Moshi, Mwanza na Morogoro. Miaka hiyo ndiyo tuliyopata msemo ambao wazazi wetu waliuimba shuleni: chama kushika hatamu. Nimeufikiria sana msemo huo nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mjomba. Nchi yenye farasi wa kuhesabika, ambayo hatamu halisi wengi hawajawahi kuishika, ilichagua neno la matandiko kueleza nani anaongoza nani.

Na ndani ya zama hizo kuna kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu hadi Ulaya. Kilikuwa na mashine za kisasa. Kilikuwa pia na kuta za alumini bila mfumo wa kuingiza hewa, kwenye joto la Morogoro. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 hivi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikaacha uzalishaji. Wanauchumi wa nje hukitaja kama mfano wa uwekezaji ulioharibika. Kwangu mimi, tangu Jumanne ile, ni hesabu ya simu iliyofanywa na watu wengi zaidi na kwa pesa nyingi zaidi: kila kitu kiligawanywa na kujumlishwa isipokuwa tabia ya kitu chenyewe.

*

Mipaka ilipofunguliwa, mitumba ikaingia, na katika miaka ya 1990 viwanda vya umma vikabinafsishwa au vikasimama. Mjomba alijifunza kazi wakati huo. Mwalimu wake alimfundisha kununua mikanda ya mitumba, mipana, ya ngozi ngumu ya Ulaya, na kuichana kuwa gidamu za makubadhi. Hebu fikiria safari hiyo. Sishangai kama mmoja wa mikanda ile ulitoka kwa ng'ombe wa Shinyanga.

Serikali imejaribu kuizuia ngozi isitoke ghafi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliweka ushuru wa kuisafirisha nje, ikaupandisha, na katika bajeti ya mwaka 2012 ukafika asilimia 90. Moshi kuna kiwanda cha Karanga, ambako Magereza na mfuko wa PSSSF wanashirikiana kutengeneza bidhaa za ngozi. Mwanza kuna chuo kinachofundisha teknolojia yake. Si kweli kwamba hakuna kinachofanyika. Lakini ushuru unaifunga bandari tu, haumfundishi mchunaji kuinamisha kisu. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 imeleta chapa, na chapa ya moto ikipigwa nyongani inakaa juu ya sehemu ile ile ambayo mjomba angekata mkanda. Kuna siku dukani aliweka kidole kwenye herufi zilizoungua katikati ya mgongo mzuri, akacheka. "Hawa wameandika barua juu ya shati jeupe."

Na punda mwenyewe akawa ngozi. Huko China kuna dawa ya asili, ejiao, inayopikwa kutokana na gelatini ya ngozi ya punda, na mahitaji yake yalifika hadi kwetu, kwenye machinjio ya Dodoma na Shinyanga. Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo barani kwa miaka 15. Mteja wetu wa Mbande ni Mgogo. Punda wake jike alimnunua kwao wakati jirani zake wanawapeleka wao machinjioni. Alituambia habari hiyo siku ya kwanza, akitoa vipimo, kama mtu anayeeleza alivyompata mkewe.

Ndiye huyo punda aliyepata donda.

*

Hesabu niliirudia. Safari hii mjomba alikaa kando yangu, na nikaandika kwenye karatasi ya boksi. Nitaiweka hapa kwa namba za mfano, maana bei hubadilika, ila mantiki haibadiliki.

Tuseme upande mzima wa ngozi una futi za mraba 14, na futi moja ni shilingi 3,000. Jumla ni 42,000. Katika futi hizo 14, zinazofaa kubeba mzigo ni 7 tu. Kumbe kila futi ya kazi imenigharimu 6,000. Fungu la mgongo peke yake tuseme ni 5,000 kwa futi: futi 7 ni 35,000. Hivyo upande mzima, unaoonekana rahisi ukisimama dukani, ni ghali kwa shilingi 7,000, isipokuwa futi 7 zilizobaki ziwe na kazi yake. Na tumbo lenye bei ya 2,000 kwa futi halina bei kabisa kwa mkanda wa kuvuta, maana halifanyi kazi hiyo.

"Sasa uliza swali la pili," mjomba akasema. "Zile 7 zilizobaki nitazifanyia nini?"

Hapo ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza mwaka huo. Tumbo halitupwi. Linafaa bitana ya mkanda, upande unaogusa manyoya, kwa sababu ni laini. Linafaa vile vipete vya ngozi vinavyoshika ncha ya mkanda baada ya bizimu, visivyovutwa na chochote. Bega linafaa pedi pana ya mgongoni, ambako uzito unakandamiza badala ya kuvuta. Nundu hukatwa mifuko midogo ya simu, maana uvimbe wake ukilowekwa unakubali umbo. Hata kipande cha mviringo kisichofaa kitu kina urefu uliojificha. Mjomba alichukua kimoja chenye kipenyo cha sentimita 30, akaanza kukikata ukingoni kwa mzunguko, nusu sentimita, akikizungusha kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Ukipiga hesabu ya eneo, kipande hicho kina zaidi ya mita 13 za ugwe ndani yake, hata ukitoa upotevu.

Nilimsimulia kisa cha malkia Dido, aliyeahidiwa ardhi inayoweza kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe, akaikata ugwe mwembamba na kuzungushia mlima mzima huko Carthage. Nikamwambia pia kwamba masimulizi ya Kilwa yana kisa kinachofanana, ila kisiwa kilizungushiwa nguo.

"Huyo malkia alikata mgongo au tumbo?" akauliza.

Nikasema hadithi haisemi.

"Basi ni bahati yake alipima mlima tu, hakuuvuta."

Mkanda mpya tulinunua mgongo wa magome, mweusi kidogo, bila chapa. Tulikata kwa kufuata uti, kamwe si kwa kuukingama, maana nyuzi zenye nguvu zinakwenda upande huo. Kabla ya kushona tuliulowesha, tukauning'iniza kwenye boriti ya kibanda, na chini yake tukafunga madumu mawili ya maji kwa siku nzima. Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji, na mimi siku zote nilidhani wanazungumzia watoto. Mvutiko mdogo uliokuwamo ukaishia pale, kwenye boriti, badala ya kwenye kifua cha mnyama. Kisha mjomba akachonga kingo zote kuwa mviringo, akatoboa kwa msharasi, akashona bitana ya tumbo kwa uzi wa nta. Lile tumbo lilikuwa la mkanda wa kwanza. Tuliosha damu.

Pesa nilitoa mimi, kutoka kwenye bahasha ya kuchapia tasnifu. Mjomba alichukua nusu, akanirudishia nusu. "Hiyo ni ada," akasema. "Na mimi nina yangu ya kulipa. Nilijua nikanyamaza."

*

Tuliupeleka Mbande wenyewe, siku ya Jumamosi, kwa daladala na kisha kwa miguu. Njiani tulikutana na mkokoteni wa maji ukipanda mchanga polepole. Hakukuwa na punda. Mteja wetu alikuwa katikati ya mikono ya mkokoteni, ameinama, na kifuani amejifunga mkanda wa usalama wa gari, ule wa nailoni, uliofungwa ncha zote mbili kwenye mbao. Alikuwa akivuta hivyo kwa majuma mawili, ili yule jike apone. Fulana yake ilikuwa imetoboka kwenye bega la kulia, mahali ukingo wa nailoni unapopita.

Nilimtazama nikiwa na karne nzima ya wapagazi kichwani, na sikuwa na la kusema. Mjomba alisukuma nyuma. Nami nikasukuma.

Nyumbani tulimkuta punda kivulini, chini ya mwembe. Donda lilikuwa limefunga, ngozi mpya ya waridi, bila manyoya. Mjomba hakumvalisha. Alipima tu kwa kuuweka mkanda mbele ya kifua, akaingiza vidole viwili kati yake na mnyama, akasogeza bizimu tundu moja, akautoa.

"Mwache wiki mbili nyingine," akamwambia mwenyewe. "Na kila Ijumaa pima upana. Ukiona umepungua hata kidogo, niletee siku hiyo hiyo. Usisubiri damu."

Mwenyewe aliuchukua, akaupitisha kati ya vidole viwili, toka ncha hadi ncha. Kisha akaujaribu kifuani mwake, juu ya ile fulana, akavuta mara mbili kwa mikono, akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama kwa zile wiki mbili anaweza kuutumia yeye.

Mjomba aliniangalia. Nikatoa futi ya kupimia.